Umbali, si Milimita

Dai kwamba asiye na lenzi ya milimita 85 hawezi kupiga picha nzuri za sura linapotosha. Pua haikuzwi na lenzi. Hukuzwa na ukaribu. Kamera ikiwa nusu mita kutoka usoni, pua huvimba na masikio hurudi nyuma, lenzi iwe yoyote. Ikirudi mita 2, uso hukaa sawa. Kazi ya milimita ni kuamua kiasi gani kiingie kwenye fremu, basi.

Mtu aichukue hoja hiyo hadi sebuleni, mtaa wa Golf, Lubumbashi, bibi harusi amesimama na shangazi zake wamejaa kwenye makochi. Kwa kamera yenye kihisi kidogo cha APS-C, ambayo ndiyo wengi wanaoanza huimudu, lenzi ya 85 hudai mita 7 hivi ili gauni lionekane hadi pindoni. Sebule gani ina mita 7 tupu? Ya 50 huhitaji mita 4 na kidogo, tena bei yake kwa kawaida ni nafuu. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipiga sura nyingi kwa milimita 50.

Lenzi ya 85 inafaa uani, penye nafasi. Anayeanza anunue ya 50 kwanza.