Maoni: Mafundi wa bunduki za uwindaji Maniema wapewe leseni na namba

Mwindaji wa Tunda anayetaka bunduki haendi dukani, kwa sababu duka la bunduki hakuna. Huko ndani ya eneo la Kibombo, kusini mwa Kindu, anakwenda kwa fundi wa chuma, mtu yule yule anayemchongea jembe na panga. Wanaketi chini ya paa la majani, wanaanza kupatana.

“Papa, kalibre 12 utanifanyia kwa ngapi?”

“Bomba unaleta wewe ao nitafute mie?”

Hapo ndipo bei inapoanza kupanda na kushuka. Akileta bomba mwenyewe, bei inapungua. Akileta na ubao mgumu uliokauka vizuri kwa ajili ya kitako, inapungua tena. Anataka ndefu ya kupigia kima walio juu ya mti, au fupi ya kupitisha katikati ya miti? Anataka kufyatulia yenye springi mpya, au ile iliyotolewa kwenye mashine mbovu? Anatoa avansi, salio atalimaliza kidogo kidogo, na mara nyingine salio hilo ni nyama ya pori kutoka safari ya kwanza. Ni mapatano ya watu wazima, yenye heshima, na fundi mzuri analinda jina lake kijijini kuliko mfanyabiashara yeyote wa mjini.

Nimeyaeleza kwa urefu kwa sababu viongozi wetu huzungumzia bunduki hizi kana kwamba zinaota porini kama uyoga. “Silaha za kienyeji,” wanasema, wanaamuru zikusanywe, wanapiga picha na rundo la vyuma vyenye kutu, halafu wanarudi Kindu. Mwezi unaofuata fundi anapokea avansi nyingine. Watu wanahitaji nyama, shamba la mpunga linahitaji kulindwa na nguruwe pori, na bunduki ya kiwandani ni ghali mno kwa mtu anayeuza mchele kwa kipimo.

Shida yangu iko kwenye kile ambacho bei ile haina ndani yake.

Haina jaribio. Kalibre 12 inaitwa hivyo kwa hesabu ya zamani: ukiyeyusha ratili moja ya risasi ukatengeneza vigololi 12 vilivyo sawa, kigololi kimoja ndicho kinachoenea kwenye mdomo wa bomba, upana wa milimita 18 na nusu hivi. Kartushi ya kiwandani, kama zile zinazotoka Pointe-Noire ng'ambo ya mto Kongo na kuenea Afrika ya Kati yote, imetengenezwa kwa bunduki ya kiwandani. Kipimo cha kimataifa kinaruhusu mgandamizo wa hadi bar 740 ndani ya bomba inapolipuka. Tairi la gari dogo lina bar mbili na kidogo. Kwa hiyo mwindaji anaweka shavu lake pembeni ya nguvu inayozidi ya tairi zaidi ya mara 300, ndani ya chuma ambacho pengine kilitengenezwa kupitisha maji ya bomba au kushikilia usukani wa gari. Chuma hicho hakina kosa. Hakikuzaliwa kwa kazi hiyo, na kutu ya ndani haionekani kwa macho.

Ikipasuka, inapasuka karibu na mkono wa kushoto na jicho. Tunda ina bahati ambayo vijiji vingi vya Maniema havina: hospitali ya Wamethodisti iko pale pale. Lakini vidole vilivyokwenda havirudi kwa sababu hospitali iko karibu, na mkulima asiye na vidole vitatu analipa kila msimu wa kupalilia mpaka anaingia kaburini. Malipo hayo hayakutajwa siku ile ya kupatana.

Watu wa Ubelgiji, waliotutawala, walilijua jambo hili zamani sana. Mji wao wa Liège, ambao mafundi wake walitengeneza bunduki zilizofika mpaka huku kwetu, una nyumba ya kujaribia silaha tangu mwaka 1672. Uingereza ina nyumba kama hizo London na Birmingham. Kazi yake ni rahisi kueleza: bomba halifiki kwa mteja kabla ya kufyatuliwa na baruti nzito kuliko ya kawaida, mtu akiwa mbali. Likisalimika linapigwa mhuri. Lisiposalimika limepasuka mbele ya ukuta, si mbele ya uso wa baba wa watoto sita. Fundi wa Liège wa karne ya 17 naye alikuwa mhunzi mwenye nyundo na moto, kama wetu. Kilichomtofautisha ni ule mhuri.

Huku kwetu historia ilikwenda njia nyingine. Bunduki ziliingia Nyangwe na Kasongo pamoja na misafara ya watu wa pwani, wakati wa Tippu Tip. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels yakakubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara ziliachiwa nafasi. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kupambana na biashara ya watumwa, na sitaki kuibeza. Lakini matokeo yake tunaishi nayo: mkoloni alishika bunduki nzuri, mwenyeji akaachiwa ile ya kizamani, na ufundi wake ukabaki kichochoroni mpaka leo.

Sheria tunazo. Sheria ya uwindaji ni ya tarehe 28 Mei 1982, na ya silaha na risasi ni ya tarehe 3 Septemba 1985, zote za wakati wa Zaire. Zinataka vibali: kibali cha kuwinda, kibali cha kuwa na silaha. Utengenezaji nao si jambo la kila mwenye nyundo. Kwenye karatasi ni nzuri. Mtu wa Tunda akiamua kuzitii kesho asubuhi, ataanzia wapi? Bunduki yake haina namba, haina jina la aliyeitengeneza, haina risiti. Ofisa mwaminifu kabisa hana cha kuandika kwenye daftari. Asiye mwaminifu hahitaji daftari: akikutana na mwindaji kwenye bariyeri anachukua sehemu ya nyama, au pesa, au bunduki yenyewe, na wiki ijayo atakutana naye tena. Kwa maneno mengine, kodi ya bunduki hizi inalipwa tayari, na inalipwa sana. Inaingia tu mfuko usiostahili.

Marekani, nchi inayosifika kwa wingi wa bunduki, mtu anaweza kuketi na fundi akapanga bastola ya aina anayotaka: urefu wa mtutu, mti wa kishikio, rangi ya chuma, kisha akangoja miezi mingi. Lakini tangu sheria yao ya mwaka 1968, anayeishi kwa kazi ya kutengeneza au kukarabati bunduki anatakiwa kuwa na leseni ya serikali kuu na kuweka daftari. Nchi hiyo ina majanga yake ya risasi na sitaki tuige kila kitu. Ila hata wao hawakuona ajabu kumtambua fundi. Sisi tunamjua fundi kwa jina, tunajua mke wake na kanisa lake, na bado serikali inajifanya haijamwona.

Najua jibu nitakalopewa Kindu: ukimpa fundi leseni, umewapa silaha Mai-Mai. Ni hoja nzito na siipuuzi. Watu wa Kabambare na Kasongo hawajasahau walivyoteswa na Mai-Mai Malaika, na kwenye vikundi vya aina hiyo bunduki za kienyeji hazikosekani. Lakini tazameni hali ilivyo leo. Fundi anafanya kazi gizani, anamuuzia yeyote mwenye avansi, na bunduki yake ikikutwa na damu hakuna anayeweza kuuliza ilitoka kwa nani. Fundi mwenye leseni ana kitu cha kupoteza. Namba iliyopigwa kwenye chuma inamfuata. Kongo ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo, na Mkataba wa Kinshasa wa mwaka 2010 una jina la mji mkuu wetu. Yote miwili inazungumzia kuweka alama kwenye silaha ili ziweze kufuatiliwa. Ni aibu kidogo kwamba alama hizo zinajadiliwa hotelini na hazijafika kwa mtu anayepiga chuma Kibombo. Na kwenye sehemu ambako vita bado inawaka, zoezi lisianze. Lianze kwenye utulivu, Kibombo ikiwa mojawapo.

Watani zangu wa uhifadhi nao watanirukia, na hawa nakubaliana nao zaidi. Hifadhi ya Lomami, iliyotangazwa Julai 2016, inagusa Maniema na Tshopo, na ndani ya misitu ile kuna bonobo, na yule kima anayeitwa lesula ambaye wanasayansi walimpa jina lake rasmi mwaka 2012 tu, ingawa wawindaji walikuwa wanamla tangu zamani. Nyama inayojaa soko la Kindu inatoka misitu hiyo. Bunduki ndiyo inayomwua kima. Mtego wa waya unakamata wanaotembea chini. Tena kartushi ina bei, na kila anayefyatua anataka nyama itakayorudisha bei hiyo na faida juu, kwa hiyo anatafuta mnyama mkubwa au kundi lililobanana kwenye tawi moja. Leseni ya fundi haitamwokoa lesula. Lakini mtu wa ICCN anayemkamata jangili leo anakamata chuma kisicho na ukoo. Kikiwa na namba, atajua kijiji, atajua fundi, na chifu atakuwa na mtu wa kumwita. Idadi nayo itajulikana. Tunajadili kuupumzisha msitu wakati hakuna ajuaye ni bunduki ngapi zinaingia humo kila usiku.

Nchini Tanzania, polisi huitisha mara kwa mara watu wasalimishe magobore bila kushtakiwa, na taarifa zao za kukamata magobore mapya hazijaisha. Kukusanya peke yake ni kuteka maji kwa ungo, kama anayetengeneza hakuguswa.

Ninachoomba si kikubwa. Chifu na mkuu wa eneo waandike majina ya mafundi, kwa ahadi ya wazi kwamba atakayejitokeza hatafungwa kwa kujitokeza. Bila ahadi hiyo watakimbilia porini wote siku moja. Kila fundi apewe alama yake na mfuatano wa namba. Kila bomba lijaribiwe mbele ya mtu mwingine, limefungwa mahali, kamba ndefu, watoto mbali. Risiti iandikwe: nani kanunua, namba ipi, lini. Ada iwe ndogo, chini ya ile inayotolewa bariyerini, vinginevyo hakuna atakayekuja. Wabunge wetu walioko Kinshasa waifungue ile sheria ya 1985 na kumpa fundi wa kijiji nafasi ndani yake, maana jimbo peke yake haliwezi kuibadilisha. Gharama ya nyundo ya kupigia namba na daftari la kurasa mia haitishi bajeti ya mtu yeyote.

Kuna watakaosema bei itapanda. Ndiyo, itapanda. Bomba litakalopasuka kwenye jaribio ni hasara ya fundi, naye ataigawa kwa wateja. Baadhi ya vijana watashindwa kununua na watarudi kwenye mitego au kwenye shamba. Nafikiri gharama hiyo inabebeka, na wawindaji wakongwe, wale waliozika wenzao, nadhani watakubaliana nami haraka kuliko vijana.

Wakati tunasubiri Kinshasa, mwenye avansi mfukoni anaweza kumwuliza fundi wake mambo mawili wiki hii hii: bomba hili limetoka wapi, na risasi ya kwanza itafyatuliwa na nani? Akijibiwa “na wewe mwenyewe, mtoto wangu, ukifika porini,” aage kwa heshima na kuondoka na pesa yake.