Pasaka ya mgomba na maganda ya vitunguu

CHINI YA ULUGURU
Na Yudita Mloka

Krismasi ina mti wake, ina nyota yake, ina pango ambalo watoto hulichungulia kila wakipita. Pasaka, ambayo kwa Mkristo ndiyo sikukuu kubwa kuliko zote, sebuleni haina kitu. Tunakesha kanisani, tunapika pilau, tukijaliwa tunavaa nguo mpya, basi. Na anayetaka kupamba nyumba yake anakwenda dukani kununua riboni, maputo na maua ya plastiki, halafu Jumanne vyote vinaishia jalalani.

Msimamo wangu ni kwamba mapambo ya Pasaka kwa familia ya Morogoro yako tayari mlimani, shambani na jikoni, na mengi yake hayauzwi. Kinachotakiwa ni kukaa chini na watoto na kuyatengeneza. Hela inayokwenda kwenye plastiki ingetosha kuongeza mayai mezani.

Tazameni majira yenyewe. Pasaka huangukia Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa Machi 21 au ule unaofuata, kwa hiyo haiji kabla ya Machi 22 wala haivuki Aprili 25. Kwetu hiyo ni masika. Milima yote ya Uluguru ni kijani, ukungu umelala Morningside, migomba ya Kinole imeshiba maji. Wenzetu wa Ulaya husherehekea Pasaka baridi ikiwa ndiyo kwanza inaondoka, wakitafuta chipukizi la kwanza walione. Kwa kuwa mitende ni adimu kwao, Wapolandi hubeba vijiti vya mti mwingine Jumapili ya Matawi, na Wafaransa hubeba vitawi vya kichaka cha bustanini. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 waliikuta minazi imesimama pwani nzima, basi makuti hayakukosekana. Kila mahali watu wamepamba kwa kile ambacho ardhi yao inatoa. Sisi tuliojaliwa mlima kama huu tunanunua ua la plastiki!

Tuanze na mlango. Mgomba huzaa mara moja tu. Ukishakata mkungu, shina lile halina kazi tena, wanaoendeleza shamba ni watoto waliochipua pembeni. Mkulima hulikata akaliacha lioze shambani liwe mbolea. Kwa hiyo mwenye shamba Bigwa au Kinole ukimwomba mashina mawili ambayo mikungu yake imeshatoka, na majani bado mazima, hujamtia hasara. Simamisha moja kila upande wa mlango, funga kwa kamba ya katani, kitako ukizamishe kwenye ndoo yenye mchanga na maji. Harusini na kwenye kipaimara tunajua kufanya hivi siku zote, sijui kwa nini siku ya Ufufuko tunasahau. Kata Jumamosi Kuu mchana, usikate mapema, maana jani la mgomba likipigwa na upepo huchanika na likikaa siku mbili hujikunja kingo. Watoto wapewe kazi ya kuchomeka bogonvilia kati ya majani. Bogonvilia imejaa kwenye nyua za mji huu, na kukatwa haichukii, inachipua zaidi.

Matawi ya Jumapili ya Matawi nayo yana maisha marefu kuliko tunavyoyapa. Tawi lililobarikiwa halitupwi. Linahifadhiwa nyumbani, na kabla ya Kwaresima inayofuata linarudishwa parokiani lichomwe, liwe majivu ya Jumatano ya Majivu. Katikati hapo lina mwaka mzima wa kukaa ukutani, na litakaa vizuri zaidi likisukwa. Mtoto aliyewahi kusuka saa, miwani au feni kwa ukuti wa mnazi tayari anajua nusu ya kazi, kusuka msalaba hakumshindi. Suka siku hiyohiyo mkitoka kanisani, ukuti ukiwa bado laini, au ufunge kwenye khanga yenye unyevu hadi jioni. Ukikauka unavunjika.

Hapa nina ombi zito kidogo. Kwenye kingo za mito yetu unaota mkindu, na kila Jumapili ya Matawi ndio unaoonja panga. Tawi moja moja la pembeni linatosha. Anayekata moyo wa mkindu, lile chipukizi la katikati ambalo halijafunguka, ameliua shina hilo, kwa sababu hukua kutoka hapo tu. Na mizizi ile ndiyo inayoshika udongo wa kingo masika yakipiga. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru ndiyo kabisa, usichume kitu. Ua zuri la msituni libaki msituni.

Sasa mayai, na hapa naomba mnivumilie, maana ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Yai la rangi si desturi ya wazee wetu, lakini ni desturi ya Wakristo tangu zamani sana. Wagiriki, ambao baadhi yao walilima mkonge katika Tanganyika ya mkoloni, hupaka mayai yao ya Pasaka rangi nyekundu kuashiria damu ya Kristo, na ganda linalovunjika kwao ni kaburi lililofunguka. Rangi hiyo unaweza kuipata jikoni kwako bila kutoa shilingi. Chukua maganda makavu ya nje ya vitunguu maji, yale mekundu yanayotupwa. Kwa lita moja ya maji unahitaji maganda ya vitunguu kumi hivi, yakizidi ndiyo vizuri zaidi. Ukiona hayatoshi nenda sokoni. Mama mmoja mzee anayeuza vitunguu soko la Mawenzi aliniuliza nilipoinama kuokota chini ya meza yake.

“Shikamoo, bibi. Naomba haya maganda.”

“Marahaba, mwanangu. Unafugia nini maganda ya vitunguu?”

“Napakia mayai rangi, bibi, ya Pasaka.”

Alicheka, akanijazia kiroba, akaniambia nimletee yai moja alione. Nilimpelekea Jumatatu ya Pasaka, akaligeuzageuza mkononi akiwauliza wenzake wa meza ya pili kama wamewahi kuona kitu kama hicho.

Chemsha maganda hayo nusu saa kwa moto mdogo. Maji yatageuka kuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Chuja, yaache yapoe, tia kijiko cha siki au kamua ndimu, kisha weka mayai mabichi na uyachemshe humohumo kwa dakika kumi au kumi na mbili. Yai la kienyeji lenye ganda jeupe litatoka na rangi ya udongo mwekundu wa barabara ya Matombo. Yai la kisasa, ambalo ganda lake lina ukahawia tangu mwanzo, litakolea zaidi, kama mbao iliyopigwa vanishi. Ukitaka njano, tumia manjano ya kusaga, ila kwa ganda jeupe tu, kwenye la kahawia haionekani. Kabichi ya zambarau, ukiipata, hutoa buluu. Bitiruti sikushauri. Rangi yake inapendeza ikiwa majini, lakini kwenye ganda inafifia haraka.

Sasa fanya hivi. Chukua jani la karoti ya Mgeta, lile lenye vidole vyembamba vyembamba, lilowanishe na ulilaze juu ya yai bichi. Lisambaze kwa ncha ya kidole hadi kila kijani kilale bapa. Kata kipande cha soksi nyembamba ya kike iliyochanika, lifunike yai pamoja na jani, vuta kwa nyuma hadi ikaze kabisa, funga kwa uzi. Lichemshe kwenye maji ya vitunguu kama nilivyosema, uliache humo hadi lipoe. Ukifungua soksi na kubandua jani, utaliona jani lote limebaki kwenye ganda, hafifu juu ya wekundu, hadi mishipa yake. Lipake tone la mafuta ya alizeti ling'ae. Jani la giligilani linafaa pia. Mtoto anayefungua yai lake la kwanza la namna hii hanyamazi, atataka kufungua na la mwenzake.

Wakubwa kidogo wape kipande cha mshumaa mweupe wachore kwenye ganda la yai lililokwisha kuchemshwa, halafu lizamishwe kwenye rangi iliyopoa. Penye nta rangi haishiki. Fundi wa batiki anaifahamu kazi hii, na watu wa Ukraine wameifanya kwenye mayai ya Pasaka kwa vizazi hadi ikawa sanaa ya taifa lao.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, rangi za kupakia ukili zinazouzwa kwa ajili ya mikeka na vikapu zisiguse yai la kuliwa. Zile si rangi za chakula. Ya pili, joto la Morogoro halina huruma na yai lililochemshwa. Asiye na friji achemshe Jumamosi usiku, yaliwe Jumapili. Anayetaka mayai ya kutundika wiki nzima ayapulize. Toboa kitundu kwa sindano kila upande, puliza kwa upande mmoja, uteute na kiini vitoke kwenye bakuli, suuza ganda, lianike. Lililotoka linakwenda kwenye keki au chapati za mayai, na ganda linatundikwa kwa uzi kwenye tawi kavu la mpera lililosimamishwa ndani ya mtungi. Yai moja, kazi mbili. Familia ambayo mayai kwake ni bei ianzie hapo, ikusanye maganda ya Kwaresima nzima.

Mengine nayapitia haraka. Maganda ya mahindi yakilowekwa hulainika na kukunjika kuwa maua, na yanashika rangi ya manjano vizuri mno. Karatasi za krepe ziachwe dukani, masika haya zikipata unyevu kidogo zinatoa rangi na kuharibu kitambaa cheupe cha meza, na nyeupe ndiyo rangi ya Pasaka yenyewe. Mshumaa wa nyumbani unaweza kufanana na ule wa kanisani: mshumaa mnene mweupe, msalaba, Alfa na Omega, tarakimu za mwaka, na pale ambapo padre huchomeka chembe tano za ubani kwa ajili ya madonda matano, wewe chomeka karafuu tano za Mkuyuni. Chumba kitanukia. Uwashwe mtu mzima akiwepo, na uzimwe kabla moto haujafika kwenye karafuu.

Lakini nisipitie haraka kopo. Jumapili ya Matawi, jioni, mpe kila mtoto kopo la maziwa lililotobolewa chini, alijaze udongo, apande choroko kiganja kimoja zilizolala kwenye maji usiku kucha. Pembeni aweke vijiwe vitatu vya mtoni, viwili viwe kuta za kaburi na kimoja kiwe jiwe la mlangoni. Alhamisi Kuu udongo umeanza kupasuka. Ijumaa Kuu vichwa vimeinama. Jumapili asubuhi choroko zimesimama, na kazi ya mtoto ni kulisogeza lile jiwe. Yohana sura ya 12 inazungumzia mbegu inayoanguka ardhini, na mtoto aliyemwagilia kopo hilo wiki nzima hatahitaji mahubiri marefu kuielewa. Kati ya yote niliyoandika leo, kama nyumba yako ina nafasi ya kitu kimoja tu, kiwe hiki. Gharama yake ni choroko za kiganja.

Kuna anayesema mambo haya ni ya wenye muda. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu za taifa, shule na ofisi zimefungwa, mvua inanyesha, watoto wako ndani wanasumbua. Muda upo. Na kamati za mapambo za parokia na sharika, ambazo kila mwaka huchangisha fedha za satini na maputo, zingeweza kuita watoto wa jumuiya Jumamosi Kuu asubuhi kusuka na kufunga migomba. Kanisa lililopambwa na watoto litajaa wazazi wao.

Tusisahau pia uchafu unakwenda wapi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini riboni na maputo yanaendelea kushuka mitaroni kila baada ya sikukuu. Mtaro unaingia Mto Morogoro, nao unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo maji wanayokunywa Dar es Salaam. Sikukuu yetu isiwe takataka kwenye bomba la ndugu zetu.

Na katika koo za Kiluguru, ambako mama mdogo ni Mkristo na mjomba ni Mwislamu na wote wanakula sinia moja, sahani ya mayai ivuke kwa jirani kama sahani ya Idi inavyovuka kuja kwetu. Watoto wao waje wapake rangi pamoja na wetu. Jumanne, mashina ya mgomba yakatwekatwe yarudi shambani au apewe ng'ombe wa jirani, maganda ya mayai yasagwe yapelekwe kwenye mchicha, na choroko za kopo zihamishiwe bustanini kabla jua halijarudi.