Thamani ya ziara iko mezani

Tangu mwaka 1940 serikali ya Marekani huwaalika wataalamu wa mataifa mengine kwa ziara fupi za mafunzo. Margaret Thatcher alikwenda mwaka 1967, miaka 12 kabla ya kuwa waziri mkuu wa Uingereza. Haombi mtu, ubalozi ndio unaopendekeza majina. Lakini huko majimboni mgeni hupokelewa na asasi ndogo zinazotegemea watu wa kujitolea, na kwa maoni yangu hapo ndipo thamani yote ilipo. Mchana hakimu aliyealikwa huketi viti vya nyuma katika mahakama ya wilaya, akisikiliza kesi za kawaida. Jioni hula kwa familia, watoto wakimuuliza kwao wanakula nini.

Wapo wanaosema hii ni propaganda iliyolipiwa. Hoja hiyo ina uzito, kwani anayelipa nauli ana lake jambo. Hata hivyo, mwenyeji wa kujitolea hapangiwi cha kusema. Akipakua chakula anaweza kulalamikia bili ya hospitali au kuikosoa serikali yake waziwazi, na mgeni akayasikia yote. Propaganda gani hiyo? Bajeti ikibanwa, zipunguzwe kwanza hoteli na hafla za Washington. Asasi hizi ziachwe.