Mgonjwa wa akili mbele ya hakimu

Katika mitaa ya Butembo na Beni neno «kichaa» latamkwa kwa wepesi mno. Huitwa hivyo mlevi, na mama anayesema peke yake sokoni, na hata jirani tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Lakini siku mgonjwa wa kweli anapomjeruhi au kumwua mtu, ghafla hatutaki kulisikia neno lile. Twasema: anajifanya, afungwe. Wengine, wala si wachache, hawasemi neno, huokota mawe.

Twaelewa hasira hiyo yatoka wapi. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limezika watu wengi waliochinjwa, na mgeni asiyeweza kutaja jina lake wala njia aliyopitia huonekana mara moja kuwa mwasi. Mgonjwa wa akili aliyepotea ndiye hasa asiyeweza kujieleza. Kundi la watu likimwua, swali ambalo hakimu angeuliza lafa pamoja naye: je, alijua alilokuwa akilitenda?

Swali hilo si huruma ya bure. Sheria nambari 15/022 ya 31 Desemba 2015, iliyoirekebisha Kanuni ya Adhabu ya 1940, yakubali kwamba mtu ambaye wakati wa tendo alikuwa na ugonjwa wa akili uliomnyima uwezo wa kutambua ubaya wa tendo lake, au wa kujizuia, hawajibiki kwa jinai.

Waliofiwa watatuuliza: basi aachwe aende zake? Hapana, na wana haki ya kuuliza. Mtu asiyewajibika aweza bado kuwa hatari, kwake mwenyewe na kwetu. Kinachopasa ni hakimu kuamuru uchunguzi wa daktari, na ugonjwa ukithibitika, kuamuru matibabu mahali penye ulinzi. Tanzania wana Isanga, mjini Dodoma, taasisi iliyowekwa kwa ajili ya wagonjwa kama hao karibu na hospitali ya Mirembe.

Hakimu wa Beni atamtuma wapi? Hospitali ya akili inayojulikana zaidi katika mkoa wetu, Tulizo Letu ya Mabruda wa Upendo, iko Goma, yapata kilomita 300 kutoka Butembo. Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, Goma yenyewe mwishoni mwa Januari 2025. Amri iliyoandikwa vizuri haivuki mstari wa vita. (Mabruda hao ni wana wa padri Triest wa Ghent, Ubelgiji, ambaye mwaka 1815 aliwatoa wagonjwa wa akili katika vyumba vya chini vya ngome ya mji, walikokuwa wamefungwa minyororo. Miaka zaidi ya 200 imepita, na minyororo twaijua bado.)

Hakimu asipopata mahali, gereza ndilo linalobaki. Wanaodhani gereza latosha kutulinda wakumbuke Kangbayi: tarehe 11 Juni 2017 walitoroka wafungwa zaidi ya 900, na tarehe 20 Oktoba 2020 zaidi ya 1,300. Kakwangura ya Butembo nayo ilivunjwa Agosti 2022. Mgonjwa atokaye usiku kwa mlango uliovunjwa hutoka bila dawa na bila faili, wala hakuna muuguzi ajuaye amekwenda wapi. Kwa maoni yetu, vitanda vichache vyenye ulinzi katika hospitali ya Beni au Butembo, pamoja na muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo, vingewalinda wenyeji kuliko kuta zile.

Hata hivyo kitanda pekee hakitoshi. Ng'ambo ya Ruwenzori, sheria ya Uganda ilitaka mtu aliyeua akiwa mgonjwa wa akili azuiliwe akingojea amri ya waziri. Kwa wengine miaka ilipita na amri haikuja. Mwaka 2015, huko Fort Portal, jaji David Batema alitamka kwamba kumwachilia mtu wa namna hiyo ni kazi ya mahakama, si ya waziri. Twaona alisema kweli. Amri ya matibabu isiyo na tarehe ya kumrudisha mgonjwa mbele ya daktari na hakimu ni kifungo cha maisha chenye jina jingine.

Ninyi vijana hamwezi kujenga hospitali. Lakini daktari anayeulizwa kama mtu alikuwa na akili timamu siku ile hakuwapo siku ile. Ninyi mlikuwapo. Mlimwona jirani akiacha kulala, akiongea na ukuta, akikimbia chakula cha mama yake akisema kina sumu. Aliyeona na aandike: tangu mwezi gani, alisema nini, nani mwingine alikuwapo, alipelekwa kwa daktari au kwa waombezi. Kisha apeleke karatasi hiyo kwa wakili au kwa hakimu, pasipo kuongeza aliyoyasikia kwa wengine, hata kama aliyeuawa ni wa ukoo wake.