Pampu Isihukumiwe Kabla ya Filta

Mlima Kitonga hauna huruma na gari lililochoka. Hilux ya zamani iliyopakia vitunguu pale Ruaha Mbuyuni huingia kona za kwanza kwa gia ya tatu, ikarudi ya pili, kisha dereva akakanyaga ekseleta mpaka sakafuni na gari lisinyanyuke. Nyuma yake malori yanapiga honi. Akifika Iringa mjini anakwenda moja kwa moja gereji, na mara nyingi hukumu anaikuta imeshaandaliwa hata kabla boneti haijafunguliwa: “Pampu imekufa.”

Hukumu hiyo ni ya ghali. Hilux nyingi za umri huo zinatumia injini za dizeli za Toyota zisizo na turbo: 2L, 3L yenye ujazo wa sentimita 2,779, au 5L ya sentimita 2,986. Pampu yake ya dizeli imetengenezwa kwa vipimo vya hali ya juu, na ikifunguliwa inatakiwa ipimwe kwenye mashine maalumu. Ikifunguliwa chini ya mwembe, vumbi kidogo tu linatosha kuiharibu ile iliyokuwa nzima. Hakuna anayebisha kwamba pampu huchoka. Kinachobishaniwa ni kwa nini iwe mshitakiwa wa kwanza.

Gari lenyewe hutoa ushahidi, kuanzia kwenye moshi.

Moshi mweusi tii maana yake dizeli imezidi hewa: chujio la hewa limejaa vumbi, au nozeli zinamwaga mafuta badala ya kuyanyunyiza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua vizuri, na hapo ndipo taiming ya pampu na komprasheni vinapostahili kupimwa. Lakini gari likikosa nguvu bila kutoa moshi wowote wa maana, injini ina njaa. Mafuta hayaifikii ya kutosha.

Njaa hiyo ina sababu za bei nafuu. Filta ya dizeli haijabadilishwa tangu gari linunuliwe. Maji yamejikusanya chini ya filta na hakuna aliyewahi kuyamwaga. Mpira wa mafuta umepasuka kidogo na unavuta hewa. Au ni waya wa ekseleta, ambao hulegea kadiri miaka inavyokwenda. Kuukagua kunahitaji watu wawili tu: mmoja anakaa kwenye usukani na kukanyaga mpaka mwisho, mwingine anainamia injini aone kama mkono wa pampu unagusa boliti ya kikomo. Usipogusa, nguvu nyingine ilikuwapo siku zote ila hakuna aliyeiomba. Dawa yake ni spana na dakika chache. Wakati mwingine mkosaji ni kapeti nene iliyojikunja chini ya pedali.

Zipo pia siku ambazo injini haina kosa lolote. Mlio ukipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko wenzake baada ya safari, breki imeshika, na gari linasukuma mzigo huku likijizuia lenyewe. Halafu kuna mwinuko. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Injini ya 3L, hata ikiwa mpya, ina nguvu za farasi zipatazo 90 tu. Ukilipakia gari tani mbili wakati limeundwa kubeba tani moja, usimtafute mchawi kwenye pampu.

Mafuta nayo yasisahaulike. Serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, kupitia mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umeshamiri, hasa wa kuchanganya mafuta ya taa na dizeli. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli. Kwa hiyo hata pale pampu inapokuwa imekufa kweli, ni vizuri kujua kilichoiua, maana mpya itakunywa kutoka tangi lile lile.

Ni rahisi kuwatupia mafundi lawama zote, lakini wenye magari wana sehemu yao. Mwenye gari anayelipia vipimo hospitalini bila kunung'unika, akifika gereji hataki kulipa chochote mpaka aone spea mpya mkononi. Fundi aliyetumia saa nzima kusoma moshi, kumwaga maji kwenye filta na kukaza waya wa ekseleta anaambiwa, “Si umekaza nati tu?” Anapewa hela ya soda. Wa jirani aliyeshusha pampu anaondoka na malipo ya wiki. Katika soko la namna hiyo, anayepima kwa makini ndiye anayelala njaa.

Basi mwenye pikapu akiambiwa pampu imekufa, aulize kwanza: moshi ulikuwa wa rangi gani, filta ilifunguliwa lini, mkono wa pampu unafika kwenye kikomo? Fundi akiwa na majibu, alipwe kwa saa aliyotumia kuyatafuta, hata kama hakuna kifaa kilichobadilishwa.