Nguruwe Mdogo Mweusi Asiondolewe kwa Haraka

Ufugaji wa nguruwe kandokando ya Ziwa Viktoria haujapata kuheshimiwa kama ufugaji wa ng'ombe. Katika Usukuma utajiri ulihesabiwa kwa ng'ombe tangu zamani, na ng'ombe ndiye aliyetolewa mahari. Nguruwe alikuja baadaye, akabaki kuwa mnyama wa uani. Hata hivyo, ziko kaya za Sengerema, Magu na Misungwi zinazonunua sare na madaftari ya watoto kwa fedha ya nguruwe wawili watatu, wadogo na weusi, ambao vitabu vya mifugo huwaita tu "wa kienyeji", kana kwamba neno hilo lajitosheleza.

Shauri linalotolewa mara kwa mara ni kuwaondoa hao na kuweka mahali pao Large White au Landrace. Shauri hilo lina hoja yake: nguruwe wa Ulaya hukua upesi, na jike huzaa watoto kumi au zaidi kwa mzao mmoja. Lakini hesabu hiyo hufanywa juu ya chakula kamili, kila siku, na kwenye shamba la ekari mbili chakula hicho hapana budi kinunuliwe. Mweupe akipunguziwa chakula hakui kama ilivyoandikwa; hukonda, jike huchelewa kushika mimba, na jua huunguza ngozi yake. Mweusi hukua polepole, lakini huvumilia msimu mbaya. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba nguruwe wa Afrika Mashariki wana damu ya Ulaya pamoja na ya Mashariki ya Mbali. Mchanganyiko huo, uliochujwa kwa jua na uhaba kwa vizazi vingi, ukishapotea haununuliki.

Chakula chake kipo: pumba za mpunga, majani ya viazi vitamu, maganda ya muhogo yaliyokaushwa vema ili sumu ipungue, na dagaa waliovunjika wasiouzika. (Dagaa waachwe wiki chache kabla ya kuchinja, la sivyo nyama hunuka samaki.) Kinachostahili hadhari ni mashudu ya pamba, yapatikanayo kwa wingi katika mkoa huu. Mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli. Ng'ombe mkubwa huimudu kwa tumbo lake la kucheua, bali nguruwe hana tumbo hilo. Mfugaji anayemwona jirani akinenepesha maksai kwa mashudu hudanganyika kwa urahisi.

Sifa hizi zisitumiwe kutetea desturi ya kumwacha nguruwe azurure. Anayezurura hula kinyesi cha binadamu, na pamoja nacho mayai ya tegu, ambayo hugeuka vifuko vyeupe ndani ya nyama yake. Mtu akila nyama hiyo kabla haijaiva hupata mnyoo tumboni. Na mayai ya mnyoo huo, yakiingia kinywani kwa mikono michafu, maji au mboga, huweza kufanya vifuko ubongoni na kuleta kifafa. Kwa hiyo aweza kuugua hata Mwislamu au Msabato asiyepata kuionja nyama ya nguruwe, kwa kuwa tu jirani yake hana choo. Mgonjwa hudhaniwa amerogwa, hufichwa chumbani. Kumbe chanzo chake huenda kiko uani. Banda la miti na nyasi, pamoja na choo, si anasa.

Banda hilo hilo ndilo kinga ya kwanza dhidi ya homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Virusi vyake hukaa ndani ya ngiri na papasi pasipo kuwadhuru. Nguruwe wa kufugwa, mweusi kwa mweupe, hufa kwa siku chache, wala dawa ya kuutibu haipo. Maradhi yakisikika, wako wafugaji wanaoharakisha kuuza, na nyama hiyo, iliyobatizwa mitaani kuwa kitimoto, huvifikisha virusi kijiji kingine kwa njia ya mabaki ya jikoni. Ni rahisi kuwalaumu. Lakini nani atatoa taarifa mapema, akijua kwamba atapoteza mali yake yote bila fidia? Halmashauri yoyote inayofikiria kununua madume ya kigeni yafaa ianze na fidia hiyo. Kazi ya kuchagua madume bora weusi, kuwatenga kwa muda, kisha kuwabadilishana kati ya vijiji ili ndugu wasipandane, haihitaji fedha za kigeni. Yahitaji daftari la uzazi, ambamo siku 114 za mimba huhesabiwa, na bwana mifugo anayefika kijijini.