Hesabu Mashimo, Usihesabu Mawe

Kuna ugonjwa umeingia kwenye matangi ya samaki wa baharini, na ni uleule unaotusumbua sisi wapenzi wa maandishi: kuamini kwamba kitu ni kizuri kwa sababu tu ni kichache.

Huku Kalenga bahari iko mbali, Iringa mjini hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 500, lakini picha zinatufikia kwenye simu kama wengine. Tangi la kioo, mchanga mweupe, mawe mawili matatu yamesimamishwa kama tao, matumbawe machache juu yake, na kwingine kote ni maji matupu ya buluu. Maelezo chini ya picha: utulivu, asili, urahisi. Watu wanamwaga makopa.

Mimi nasema asili hiyo haipo, na urahisi huo ni wa uongo.

Tuanze na kazi ya jiwe. Samaki hutoa amonia, na amonia hiyohiyo ni sumu kwake. Bakteria wanaoishi juu ya mawe na ndani ya vitundu vyake huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Jiwe, basi, linasafisha maji. Ukiliondoa, kazi yake haiondoki. Ndiyo maana ukifungua kabati lililo chini ya matangi mengi ya namna hii, unakuta tangi la pili: vipande vya kauri vyenye vitundu, pampu, mashine ya kutoa uchafu kwa povu. Mzigo wa mawe umehamishiwa kabatini ili mgeni asiuone. Na kabati hilo linaishi kwa umeme. Sasa umeme ukatike usiku kucha, jambo ambalo sisi hatuhitaji kuhadithiwa: pampu inasimama, na maji ya juu hayawafikii tena bakteria wa chini. Urahisi uko wapi hapo?

Watetezi wa mtindo huu hupenda kumtaja Mjapani Takashi Amano, aliyefariki mwaka 2015, bingwa wa kupanga mawe machache na kuacha nafasi. Sawa, ila Amano alijulikana kwa matangi ya maji baridi yaliyojaa mimea, na mimea hunyonya amonia. Uchache wake wa mawe ulikuwa na mtu wa kuubebea mzigo. Wewe umechukua umbo, ukaacha kilicholishikilia.

Halafu kuna samaki wenyewe. Waswahili tunasema fulani amelala usingizi wa pono. Pono anaupata wapi usingizi ule? Usiku hujibana kwenye upenyo wa mwamba. Mkunga anaishi shimoni, pweza anaishi shimoni, na ndiyo maana wanaomtafuta pweza maji yakitoka huenda na kijiti cha kuchokolea. Mwamba wa bahari ni mtaa wa uswahilini: umebanana, una vichochoro, na kila mlango una mwenyewe. Samaki mnyonge akifukuzwa ndani ya tangi tupu, atakimbilia wapi? Nafasi ile tupu inapumzisha jicho lako. Yeye inamweka uwanjani.

Mwamba mtupu wa kweli tunao pia. Pwani yetu imepigwa baruti na wavuvi haramu kwa miaka mingi, na panapopigwa matumbawe hubaki kifusi. Nafasi imejaa tele, mashimo hakuna, samaki wameondoka. Sijasikia mvuvi akiita hali hiyo utulivu.

Najua hoja ya upande wa pili. Mawe machache huacha maji yazunguke vizuri, matumbawe yapate pa kukua, uchafu usijifiche. Kweli. Na mawe yakitolewa baharini, machache ni afadhali kuliko mengi. Kweli tupu. Lakini siku hizi kuna mawe ya kutengeneza kwa saruji na kauri, kwa hiyo kuihurumia bahari hakukulazimishi kuwanyima samaki maficho. Weka mawe machache ukitaka, ila yawe na matundu, mapango na njia za kutokea. Hesabu mashimo, usihesabu mawe.

Sisi watu wa Iringa tuna Gangilonga, jiwe linaloongea, hivyo hatufundishwi uzuri wa jiwe moja. Lakini hatujawahi kumwambia mtu akaishi juu yake.

Na kwenye maandishi ni vilevile. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na kuacha vina na mizani, alizua ugomvi mkubwa. Shairi lake lilisimama kwa sababu taswira na mwendo wa sauti vilibeba kilichoachwa na vina. Leo mtu anaandika mistari minne mitupu, anaiita uchache, na ukimuuliza nini kimebeba mzigo anakujibu hujaelewa sanaa. Jamani, tumeelewa. Tumetafuta pa kuingia, hakuna shimo hata moja.

Anayepinga aje na hoja. Akija na picha ya tangi lake, atuoneshe na kabati likiwa wazi.